Ukitumiwa bidhaa ya bure uichambue: mwongozo kwa wanablogu

Kampuni haikutumii simu ya shilingi laki tisa kwa sababu inakupenda. Inakutumia kwa sababu bango la barabarani kila mpita njia anajua limelipiwa, ilhali wewe wasomaji wako wanakuchukulia kama ndugu aliyetangulia kununua na sasa anawapa habari. Imani hiyo ndiyo inayonunuliwa, tena kwa bei ya chee.

Niweke msimamo wangu wazi mapema: kupokea bidhaa ya bure si kosa. Mchambuzi wa Dar au Mombasa anayejitegemea hana mhariri wa kumlipia, na hawezi kununua kila simu, kila blenda na kila mafuta ya nywele yanayoingia sokoni. Kinachoharibu kazi ni masharti aliyoyakubali kimyakimya kabla mzigo haujafika, na msomaji kufichwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kabla hujakata gundi ya boksi.

Hatua ya 1: Andika utaratibu wako kabla hujaombwa lolote

Ukisubiri mzigo ufike ndipo uanze kufikiria maadili, umechelewa. Boksi likishakaa mezani na watoto wakishaliona, akili inaanza yenyewe kutafuta sababu za kulibakiza. Kaa chini siku ambayo hakuna anayekutongoza, uandike mistari michache, uiweke mahali ambapo msomaji na kampuni wote wataiona. Haihitaji lugha ya wanasheria. Hii inatosha:

"Baadhi ya bidhaa ninazochambua nimepewa au nimeazimwa na kampuni. Nikipewa, nasema mwanzoni kabisa. Kupewa hakumaanishi nitaandika, na nikiandika kampuni haioni maandishi kabla ya wasomaji. Kitu chenye thamani ya zaidi ya shilingi 50,000 narudisha au nakitoa."

Kiwango chako kiweke mwenyewe kulingana na kazi yako. Faida yake ni kwamba hutakosa usingizi kwa ajili ya kalamu na kofia za uzinduzi. (Fulana nazo hazimharibu mtu, ingawa sijaelewa kwa nini kila kampuni inaamini wanablogu hawana nguo.)

Hatua ya 2: Soma ujumbe wa kampuni neno kwa neno

Hapa ndipo mambo mengi yanapoamuliwa, na hapa ndipo wengi wanapopita mbio. Ujumbe wenyewe huwa wa upole, na kawaida unakuja WhatsApp. Chukua mfano huu:

"Habari za leo dada. Tunafuatilia sana kazi zako na tunafurahi kukualika kwenye kampeni yetu. Utapokea blenda yetu mpya bila malipo yoyote. Tunachoomba tu ni posti 2 na stori 4 ndani ya wiki moja, utumie hashtegi yetu, na ututumie maandishi tuyapitie kabla hayajapanda. Tunaomba pia usitaje bidhaa za washindani. Karibu sana kwenye familia!"

Posti 2 na stori 4 ni kazi yenye idadi, kwa hiyo blenda si zawadi tena bali ni ujira. Wiki moja ni muda ambao hakuna blenda inayoharibika. Injini inaanza kunuka moshi mwezi wa pili au wa tatu, ukishasaga karanga na barafu za kutosha. "Tuyapitie" maana yake kuna mhariri mwingine ambaye msomaji hamjui na ambaye mshahara wake unatokana na mauzo ya blenda hiyo. Sharti la kutotaja washindani ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mtu anayeingia dukani na pesa mkononi anataka kujua jambo moja: nichukue hii au ile ya pembeni yake? Ukishakubali kutolinganisha, hujabaki na uchambuzi, umebaki na sifa. Halafu kuna hilo neno "familia", ambalo linaonekana ni adabu tu, lakini ndugu yako humkosoi mbele za watu.

Jibu lako liwe la heshima na liwe na pande mbili, ili anayesoma achague:

"Habari kaka, nashukuru kwa kunikumbuka. Blenda naweza kuipokea kwa kuijaribu kwa utaratibu huu: siahidi kuandika, nikiandika sitatuma maandishi kabla, nitasema imetoka kwenu, na nitailinganisha na nyingine zilizopo sokoni. Nahitaji wiki sita. Kama mnataka posti za idadi na tarehe maalumu, hilo ni tangazo: nitawatumia bei yangu na litapanda likiwa na neno TANGAZO juu. Ipi inawafaa?"

Wengine watanyamaza moja kwa moja. Usihuzunike, kimya chao ni jibu. Usimgombeze pia aliyeandika. Mara nyingi si mtu wa kampuni bali ni kijana wa wakala wa matangazo, mwenye orodha ya majina na ripoti ya kujaza kabla ya Ijumaa, na masharti hayo hakuyatunga yeye. Muulize tu kwa upole nani mwenye bidhaa na nani atakayeamua.

Yakizungumzwa kwa simu, baada ya kukata andika ujumbe mfupi: "Kama tulivyoongea, nimeelewa hivi na hivi." Kuna sharti moja ambalo mimi nalikubali bila shida, nalo ni kutochapisha kabla ya saa ya uzinduzi. Hilo linahusu saa tu. Likishagusa maoni yako, limekuwa jambo jingine.

Hatua ya 3: Jua ulichopokea ni cha aina gani

Kuna cha kuazimwa: unakitumia wiki kadhaa, unakirudisha, kinakwenda kwa mchambuzi mwingine. Hicho ndicho kisafi kuliko vyote. Kuna cha kupewa kabisa. Kuna cha kupewa pamoja na pesa, au pamoja na namba ya punguzo ambayo kila mfuasi akiitumia wewe unaingiziwa kamisheni. Na kuna vile ambavyo havifanani na bidhaa hata kidogo: tiketi ya ndege kwenda uzinduzi Nairobi, usiku mbili hotelini Paje, Zanzibar, chakula cha jioni na mkurugenzi. Vyote ni malipo, na msomaji ana haki ya kujua ni kipi.

Kuchanganya aina hizi kulishawatia aibu watu wakubwa. Mwishoni mwa 2006 Microsoft, ikishirikiana na AMD inayotengeneza chipu, iliwatumia wanablogu kadhaa wa Marekani kompyuta za Acer Ferrari zikiwa na mfumo wake mpya wa Windows Vista, wiki chache kabla Vista haijaanza kuuzwa kwa wateja wa kawaida Januari 2007. Barua pepe ya kwanza iliwaachia wenyewe waamue: wazirudishe, wazigawe au wabaki nazo muda wanaotaka. Kelele zikazuka kwamba hiyo ni rushwa. Wakaandikiwa tena, safari hii wakiombwa wazirudishe au wazigawe wakishamaliza kuzichambua. Kutuma mashine hakukuwa na ubaya, maana mfumo wa kompyuta hauwezi kujaribiwa bila kompyuta. Kilichokosekana ni kusema tangu mwanzo kwamba hizi ni za kuazima, na hadi leo kosa hilo hilo linarudiwa kila wiki kwa simu na saa za mkononi.

Watanzania tulishawahi kubishana jambo la jamii hii hadi mahakamani. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yalihalalisha takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu hivyo kuwa vinapingana na Katiba. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba mgombea mwenye pesa anapata nafasi ambayo maskini hawezi kuipata. Nadhani hoja hiyo inatuhusu sisi wachambuzi kuliko tunavyokubali. Kampuni kubwa inaweza kutuma simu arobaini kwa wiki moja. Fundi wa majiko banifu Morogoro hawezi kutuma hata jiko moja bila kuumia. Ukiandika juu ya vile tu vinavyoletwa mlangoni, hata kama kila sentensi yako ni ya kweli, ukurasa wako mzima umeshapangwa na wenye uwezo wa kutuma. Mkono mtupu haulambwi, na asiyetuma haandikwi. Dawa yake ni ratiba: kwa kila bidhaa mbili ulizoletewa, tafuta moja uliyoinunua au kuiazima kwa jirani. Na huyo fundi wa majiko, au mama anayesindika achari nyumbani, mlipe. Akikwambia "chukua tu mwanangu," pokea kwa mikono miwili, shukuru, halafu umtumie pesa yake kwa simu kabla hujafika kituoni. Akigoma kabisa kuipokea, kula achari yako na usiandike chochote.

Hatua ya 4: Vya kukataa hapo hapo

Krimu za kung'arisha ngozi, kwanza kabisa. Zilizo na zebaki zinaharibu figo, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unazuia vipodozi vilivyotiwa zebaki. Wewe huna maabara ya kupima, na msomaji wako atajipaka usoni. Chupa isiyo na orodha ya viambato isifunguliwe hata kwa picha. Kwa Tanzania, usajili wa vipodozi na vyakula uko TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, dawa na vifaa tiba viko TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), uliza huko kabla ya kuuliza wafuasi wako "mnaionaje hii?"

Dawa za kukata tumbo na za nguvu za kiume, vivyo hivyo. Programu za mikopo ya haraka pia, mpaka uone leseni: mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila kibali chake. Ofa za kampuni za kubeti nakuachia mwenyewe, ila ujue mimi sizipokei, kwa sababu hakuna cha kuchambua. Utamwambia nini msomaji, kwamba mkeka wako ulitiki?

Hatua ya 5: Ijaribu kama aliyelipa

Anza na shaka kidogo: kifaa kilichotumwa kwa mchambuzi kimechaguliwa, na hakuna anayemtumia mchambuzi kibovu. Ikiwa ni simu, bonyeza *#06# uandike namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu; ukiwa Tanzania zitume kwa ujumbe kwenda 15090, uone kama zinasoma simu ile ile iliyoandikwa kwenye boksi. Kisha nenda mtaa wa Aggrey, Kariakoo, uishike nyingine ya aina hiyo dukani. Linganisha chaja iliyomo ndani ya boksi, kumbukumbu, hata uzito mkononi. Imeshatokea mara nyingi duniani simu ikaja kwa wachambuzi na chaja ya kasi, halafu ya madukani ikawa na chaja ya kawaida au haina kabisa, kutegemea nchi inakouzwa.

Baada ya hapo, weka laini yako ya kila siku humo na uifanye simu yako pekee. Usiipimie kwenye Wi-Fi ya ofisini. Panda nayo daladala ya Mbagala jioni, piga simu ukiwa katikati ya kelele, tuma pesa kwa menyu ya mtandao, iache juani kwenye dirisha la gari, ichaji umeme unapokuwa mdogo na taa zinafifia. Weka laini mbili kwa pamoja uone ipi inapoteza mtandao kwanza. Hayo hayamo kwenye karatasi ya sifa uliyotumiwa, na ndiyo anayoishi nayo mnunuzi.

Bei ndiyo inayosahaulika kwanza kwa mtu ambaye hakulipa. Simu ya bure haina mkwaruzo unaouma wala salio linalopungua, kwa hiyo kasoro zake zote zinaonekana ndogo. Usinukuu bei ya taarifa ya kampuni. Uliza maduka matatu uandike uliyoyasikia. Kisha jiulize swali moja na jibu lake liingie kwenye maandishi yako: ningeitolea laki tisa zangu, au ningeongeza kidogo nichukue ile nyingine?

Hoteli na migahawa ni shughuli ngumu zaidi, kwa sababu simu haijui kwamba unaichambua, ila hoteli inajua. Umefika Paje na meneja amekusubiri mapokezi na madafu. Chumba ni cha ghorofa ya juu kinachotazama bahari. Mpishi anakuja mezani kukuuliza kama pweza amelainika. Ukiandika kwamba huduma ni ya haraka, umesema kweli juu ya kitu ambacho msomaji wako hatakipata. La kufanya: omba kuonyeshwa chumba cha bei ya chini na ukipige picha hicho. Kaa mapokezi asubuhi moja utazame wageni wengine wanasubiri muda gani. Kula mlo mmoja ukilipa mwenyewe, tena umtume rafiki aagize. Na uandike waziwazi kwamba walijua unakuja. Kwa mgahawa wa mjini nashauri usikubali mwaliko kabisa. Sahani ya biriani si gharama ya kumshinda mtu anayejiita mchambuzi wa vyakula.

Hatua ya 6: Sema, na useme mapema

Marekani jambo hili limeandikiwa miongozo tangu zamani. Tume ya Biashara ya huko, FTC, ilirekebisha miongozo yake mwaka 2009 ili iwahusu wanablogu, na mfano mmoja ulioandikwa humo ni wa mwanafunzi wa chuo anayeandika juu ya michezo ya video: akitumiwa mtambo wa mchezo bure na akauchambua, lazima aseme aliupata bure. Ufaransa ilitunga sheria yake Juni 2023, nayo inahesabu manufaa ya vitu sawa na pesa taslimu. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012. Usisubiri nani atakushtaki. Msomaji akigundua mwenyewe, hukumu yake ni ya papo kwa papo.

Kesi mbili za huko Marekani zinafundisha kuliko maelezo. Machi 2015 duka la Lord & Taylor liliwapa watu 50 wenye ushawishi wa mitindo gauni moja lile lile, likawalipa kati ya dola 1,000 na 4,000 kila mmoja, wavae na kupiga picha Instagram wikiendi moja. Duka liliyapitia maandishi yao kabla, na likahakikisha jina lake na hashtegi vimo, ila halikuwataka waseme wamelipwa. Gauni likaisha madukani. Mwaka uliofuata FTC ikaibana kampuni hadi ikakubali masharti mapya. Kesi ya pili ni ya Warner Bros, ambayo kwa mchezo wake wa video wa 2014 iliwapa wachezaji wa YouTube nakala za bure mapema, na wengine ikawalipa maelfu ya dola, kwa sharti la kusifu na kutotaja hitilafu. Maelezo kwamba ni udhamini yaliwekwa, lakini chini kabisa kwenye kisanduku ambacho ni lazima ubonyeze ndipo kifunguke. Wengine walisema tu kwamba wamepata mchezo mapema, pesa wakainyamazia. FTC ilisema mwaka 2016 kwamba kuficha namna hiyo ni sawa na kutosema.

Kwa hiyo mahali ni muhimu kama maneno. Kwenye makala, sema aya ya kwanza, kabla ya picha na kabla ya kiungo cha kununua. Kwenye video, tamka kwa mdomo wako mwanzoni na uandike juu ya picha, kwa kuwa wengine wanasikiliza bila kutazama na wengine wanatazama bila sauti. Instagram na TikTok zina lebo zao za ushirikiano wa kulipiwa. Ziwashe, lakini usizitegemee peke yake. Kwetu picha haikai ilipowekwa. Inachukuliwa, inawekwa Status, inarushwa kwenye magrupu ya ukoo na ya kanisani bila neno lako hata moja la maelezo. Andika juu ya picha yenyewe, kwenye kona ambayo haikatwi kirahisi.

Na maneno yawe ya Kiswahili cha mtaani. "Kwa ushirikiano na", "balozi", "asanteni sana familia ya fulani", hayo hayamwambii shangazi yako kitu. Andika: "Simu hii nimepewa na kampuni inayoiuza. Hawajanilipa pesa na hawajasoma maandishi haya. Nitairudisha tarehe 30." Kama umelipwa, sema umelipwa. Kama kiungo kinakuingizia kamisheni, sema pembeni ya kiungo, si mwisho wa ukurasa.

Kusema kwamba umepewa hakukutakasi, hata hivyo. Wapo wanaotangaza kwa herufi kubwa kwamba wamepewa bure, wakishamaliza wanamwaga sifa bila haya, kana kwamba kile kistari cha juu ni cheti cha kuongopa.

Hatua ya 7: Kasoro ziandikwe

Uongo wa wazi ni nadra. Kinachotokea zaidi ni kimya: kamera ya usiku ni mbovu, mchambuzi anaandika aya tano za kioo na rangi, kamera anaipitia kwa "inajitahidi". Pima kwa kusoma rasimu yako na kutafuta sentensi moja ambayo kampuni isingependa kuiona. Ikikosekana, ama umekutana na bidhaa isiyo na doa duniani, ama umeogopa.

Kasoro ya usalama, kama kifaa kupata moto au waya kutoa cheche, wajulishe kampuni siku hiyo hiyo na usisubiri wakujibu ndipo uwaonye wasomaji. Kasoro za kawaida unaweza kuwaulizia maelezo: "Betri imeisha saa nane mchana kwa matumizi haya. Mna la kusema?" Jibu lao liweke kwenye makala. Hiyo ni kuuliza ukweli, tofauti na kuwapa rasimu waikate. Namba, majina na bei ukitaka kuzihakiki, tuma namba, majina na bei tu.

Na ukiamua kutoandika kabisa kwa kuwa bidhaa ni mbaya, fikiri mara ya pili. Kampuni itafurahi sana. Mtu aliyekuwa anatafuta jina la bidhaa hiyo usiku kabla ya kwenda dukani ndiye atakayekosa.

Hatua ya 8: Mzigo uende wapi

Cha kuazima kirudi kwa gharama ya kampuni, na upewe risiti au hata picha ya mpokeaji. Ulichopewa kabisa unaweza kukigawa kwa wasomaji kwa bahati nasibu, ila kampuni ikikuambia washiriki lazima wafuate ukurasa wake, hilo limeshakuwa tangazo. Shule, kituo cha watoto au fundi chipukizi ni bora zaidi, bila kupiga picha za kukabidhi. Kukiuza ndilo jambo ambalo sioni utetezi wake. Simu uliyoisifu jana isionekane kwenye grupu la mnada leo ikiwa na boksi lake.

Kuna kitu huwezi kukirudisha, kama mafuta yaliyotumika au chakula. Basi, kisemwe hivyo hivyo kwenye maandishi.

Hatua ya 9: Daftari, kodi na vibali

Uwe na daftari au jedwali lenye tarehe, kitu, nani katoa, thamani yake dukani, masharti, ulichoandika, na kiko wapi sasa. Mwisho wa mwaka lipitie ukitenganisha ulivyopewa na ulivyonunua. Kama ulivyopewa vyote vimesifiwa na ulivyonunua ndivyo vyenye lawama, usitafute maelezo ya kiufundi.

Pesa zikianza kuingia, serikali nayo inaingia. Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi. Tanzania ikafuata kwa asilimia hiyo hiyo mwaka 2024. Omba hati ya makato kila ukilipwa, usije kulipa mara mbili. Tanzania pia ina kanuni za maudhui ya mtandaoni za tangu 2018, ambazo zimefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja. Kabla hujatia saini mkataba wa matangazo, pitia TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, uone kundi lako linadaiwa leseni gani na kwa ada ipi.

Hatua ya 10: Machapisho ya zamani

Ukianza kulipwa na kampuni uliyoichambua huko nyuma, rudi kwenye makala zile uongeze mstari wenye tarehe: "Tangu Machi mwaka huu kampuni hii inanilipa kwa matangazo, makala haya niliyaandika kabla." Mkataba ukiisha, sema umeisha. Ukipata taarifa mpya, kwa mfano ile blenda imeungua mwezi wa nne, iongeze juu ya makala ya awali badala ya kuandika mpya ambayo hakuna atakayeiunganisha na ya kwanza.

Usifute. Kuna siku afisa masoko atakupigia, mzungumze vizuri, akupe ofa nzuri, halafu mwishoni aseme kama utani kwamba ile posti ya mwaka juzi ingeondolewa mambo yangekwenda kwa urahisi zaidi. Mwombe akuandikie ombi hilo kwa barua pepe ya ofisi. Mara nyingi ombi linaishia hapo.